Mto Mmoja, Mataifa Matatu: Historia ya Ushirikiano wa Nishati katika Maporomoko ya Rusumo na Nafasi ya Wilaya za Ngara na Biharamulo, 1934–2024

Utangulizi

Maporomoko ya Rusumo si marefu. Maji huanguka mita zipatazo 15 tu, na msafiri anayevuka daraja kutoka Ngara kwenda Kirehe aweza kuyasikia kabla ya kuyaona. Umuhimu wake unatokana na mahali yalipo. Hatua chache juu yake, Mto Ruvubu (ambao watu wa Ngara huuita Ruvuvu) unaotoka Burundi hukutana na mto utokao Rwanda, ambao kwa juu huitwa Nyabarongo na kwa chini Akagera. Kuanzia hapo mito hiyo miwili huwa Mto Kagera. Ukingo wa kulia ni Tanzania, wa kushoto ni Rwanda. Burundi haina ukingo pale, ila sehemu kubwa ya maji yanayoanguka imetoka katika vilima vyake. Kwa hiyo hakuna taifa hata moja kati ya hayo matatu linaloweza kudai kwamba maporomoko haya ni yake peke yake, na hakuna linaloweza kuambiwa kwamba hayalihusu.

Mkataba wa kwanza wa mataifa haya kuhusu kuuendeleza mto huo kwa pamoja ulitiwa saini Rusumo penyewe, tarehe 24 Agosti 1977. Umeme wa kwanza ulitoka katika mitambo ya Rusumo mwaka 2023. Insha hii inauliza kwa nini ilichukua miaka 46. Jibu ambalo limezoeleka ni fedha na vita. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi, kwa sababu mradi ulikuja kusonga mbele katika miaka ambayo uhusiano wa nchi hizi ulikuwa mbaya, na ulikwama katika miaka ambayo ulikuwa mzuri. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kilichobadilika ni umbo la ushirikiano wenyewe: kutoka shirika la mambo yote kwenda kampuni ya jambo moja. Aidha, insha inahoji umbo hilo jipya liliwaachia nini wananchi wa Ngara na Biharamulo, ambao ardhi yao ndiyo iliyobeba mitambo na nguzo.

Mto kama mpaka, 1894–1961

Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera hapa Rusumo na kuingia Rwanda. Oscar Baumann alikuwa ameufuata Ruvubu mwaka 1892 akiamini ndio chimbuko la Nile, na mwaka 1898 Richard Kandt akaufuata mkono wa pili, wa Nyabarongo. Wazungu hao walipofika kwenye makutano walijiuliza mkono upi ndio Nile ya kweli. Swali hilo leo lina thamani ndogo ya kisayansi, lakini linaonyesha jambo ambalo wahandisi wa baadaye walilikuta vilevile: Rusumo ni mahali ambapo mtu hulazimika kuhesabu maji ya nani ni mangapi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, eneo hili liligawanywa na watu waliokuwa mbali nalo. Makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 yaliipa Ubelgiji Ruanda-Urundi, na Uingereza sehemu iliyobaki ya koloni la Wajerumani. Hata hivyo Waingereza walitaka pia Gisaka, nchi ya Rwanda iliyo magharibi ya Kagera, kwa ajili ya reli waliyoiota ya kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika. Walipewa. Mfalme Musinga na wamisionari walilalamika, Tume ya Mamlaka ya Ushirika wa Mataifa ikasikiliza, na mwishoni mwa mwaka 1923 Gisaka ikarudishwa. Reli haikujengwa. Upande wa Ngara, Bugufi, iliyokuwa na uhusiano wa kale na ufalme wa Urundi, ilibaki Tanganyika. Mpaka ukawa mto, lakini ndoa, mifugo na lugha ziliendelea kuvuka. Kihangaza cha Ngara kiko karibu mno na Kirundi kiasi kwamba mgeni hatambui tofauti upesi.

Hapa ndipo panapoanza historia ya kisheria ya maji hayo. Tarehe 22 Novemba 1934, Uingereza na Ubelgiji zilitia saini London makubaliano kuhusu haki za maji katika mpaka wa Tanganyika na Ruanda-Urundi. Kiini chake kilikuwa kwamba maji yanayochepushwa katika upande mmoja sharti yarudishwe kwenye mkondo wake bila kupungua kwa kiasi kikubwa kabla ya kuingia upande wa pili, na kwamba mahali ambapo mto ndio mpaka, hakuna upande unaoruhusiwa kuchukua zaidi ya nusu ya maji ya kiangazi kwa shughuli za madini na viwanda. Aliyetaka kumwagilia mashamba alipaswa kutoa taarifa miezi sita kabla. Makubaliano hayo yalifikiriwa na watu waliokuwa na machimbo ya bati akilini, si wakulima wa migomba. Hata hivyo kanuni ya nusu kwa nusu, na ile ya kuyarudisha maji, zimo ndani ya fikra za Rusumo hadi leo. Mtambo unaotumia mtiririko wa mto bila kuuhifadhi, kama uliojengwa hatimaye, hufanya hasa kile ambacho makubaliano ya 1934 yaliagiza: huchukua maji, huyatumia, huyarudisha.

Shirika la mambo yote, 1977–2004

Mwaka 1977 haukuwa mwaka wa furaha kwa ushirikiano katika Afrika Mashariki. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwezi Februari, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika katika mwaka huohuo. Katika hali hiyo, Tanzania ya Julius Nyerere, Rwanda ya Juvénal Habyarimana na Burundi ya Jean-Baptiste Bagaza zilikubaliana Rusumo kuunda Shirika la Usimamizi na Uendelezaji wa Bonde la Mto Kagera. Kwa Tanzania ilikuwa kugeuza uso kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwa Rwanda na Burundi, nchi zisizo na bahari, ilikuwa njia ya pili baada ya ile ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ambayo zilikuwa zimeiunda na Zaire mwaka uliotangulia. Uganda ilijiunga mwaka 1981, baada ya Idi Amin kuondolewa. Ikumbukwe kwamba ni majeshi yake yaliyovamia Kagera mwezi Oktoba 1978, na kwamba vita hiyo ilipiganwa sehemu ya chini ya mto uleule.

Shirika lilikuwa na makao makuu Kigali. Orodha ya majukumu yake inastahili kusomwa polepole: umeme wa maji, kilimo, mifugo, uvuvi, reli, barabara, mawasiliano ya simu, vita dhidi ya mbung'o, misitu, hifadhi ya mazingira. Rusumo ilikuwa mojawapo tu. Nchi nne zilizokuwa maskini zilipaswa kuchangia bajeti, kisha kukubaliana ni jambo lipi litangulie, na kila moja ilikuwa na jambo lake. Rwanda na Burundi zilitaka reli ya kufika baharini na umeme. Tanzania, iliyokuwa na mabwawa yake mbali na Kagera, haikuwa na haraka na umeme wa Rusumo. Uganda, iliyokuwa na Owen Falls, haikuwa na haraka hata kidogo. Upembuzi ulifanyika na michoro ikachorwa, lakini hakuna kilichojengwa mtoni.

Ulinganisho na magharibi unasaidia. Kwenye Mto Ruzizi, Burundi, Rwanda na Zaire ziliunda mwaka 1983 kampuni ya pamoja, SINELAC, kwa kazi moja: kujenga na kuendesha kituo cha Ruzizi II. Kituo hicho kilianza kuzalisha umeme mwaka 1989. Nchi mbili kati ya tatu ni zilezile za Rusumo, na umaskini ulikuwa uleule. Ruzizi II baadaye ilisumbuliwa na madeni ya wateja wake na uchakavu, kwa hiyo haifai kusifiwa kupita kiasi. Lakini ilijengwa. Kutokana na mfano huo, maelezo ya kwamba Rusumo ilikwamishwa na ukosefu wa fedha pekee yanapungukiwa na nguvu.

Kisha vikaja vita. Kuanzia Oktoba 1990 Rwanda ilikuwa vitani, na Burundi ikaingia katika vita vyake mwaka 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Tarehe 31 Julai 1996, kufuatia mapinduzi ya Pierre Buyoya, nchi jirani zilizokutana Arusha ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Nyerere mwenyewe alikuwa mpatanishi. Vikwazo hivyo vilisitishwa Januari 1999. Maana yake ni kwamba kwa miaka miwili na nusu wanachama wa shirika moja la bonde walikuwa wamemfungia mwanachama mwenzao mafuta na biashara. Shirika halikupata kupona. Lilivunjwa rasmi mwaka 2004.

Kuni za 1994

Masimulizi mengi ya Rusumo hurukia hapa kutoka shirika lililokufa hadi mradi uliofufuka. Kufanya hivyo ni kuwaacha nje watu wa Ngara, kwa sababu tukio kubwa kuliko yote katika historia ya nishati ya wilaya hiyo halikuwa la umeme.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa takriban saa ishirini na nne, zaidi ya Wanyarwanda laki mbili walivuka daraja la Rusumo wakikimbilia Tanzania. Chini ya daraja, mto ulibeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari hadi Ziwa Viktoria. Kambi ya Benaco ikawa mji ndani ya siku chache, na baadaye zikafuata nyingine, kama Lumasi na Lukole. Katika Ngara, wakimbizi waliwazidi wenyeji kwa idadi.

Watu hao wote walipika kwa kuni. Maharage na mahindi makavu ya msaada huhitaji moto wa saa nyingi, tofauti na ndizi. Vilima vilivyozunguka kambi vilivuliwa miti, wanawake wa kambini na wa vijijini wakalazimika kwenda mbali zaidi kila mwezi, na kuni zikawa chanzo cha ugomvi na cha biashara. Mashirika ya misaada yaligawa majiko sanifu na kupanda miti, lakini kasi ya shoka ilikuwa kubwa zaidi. Serikali ya Tanzania ilipotangaza Desemba 1996 kwamba Wanyarwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, walivuka tena daraja lilelile. Vilima vikabaki.

Jambo hili lina uzito katika hoja yetu. Nishati ya nchi jirani ilikuwa tayari imekwishatolewa na Ngara, bila mkataba, bila hisa na bila bei. Mtafiti anayeanza hesabu ya gharama na faida za Rusumo mwaka 2013 anaanza katikati ya daftari.

Kampuni ya jambo moja, 1999–2024

Mpango wa Bonde la Mto Nile ulianzishwa Dar es Salaam mwezi Februari 1999, wiki chache tu baada ya vikwazo vya Burundi kusitishwa. Chini yake ikaundwa programu ya nchi za maziwa ya Ikweta, nayo ikayachukua makabrasha ya Rusumo. Tofauti na zamani ilionekana mapema. Uganda haikuwamo katika mradi huu. Reli, mbung'o na simu havikuwamo. Waliobaki mezani walikuwa wale watatu tu ambao maji au ardhi yao inagusa maporomoko. Februari 2012 mkataba wa nchi tatu ulitiwa saini, na mwaka 2013 ikaanzishwa Kampuni ya Umeme ya Rusumo, kila nchi ikiwa na hisa sawa.

Mgao huo sawa una historia ndani yake. Kwa upande wa wingi wa maji, Tanzania inachangia kidogo juu ya maporomoko, na kwa upande wa ukingo Burundi haichangii chochote. Kwa upande wa uhitaji, tofauti ni kubwa zaidi. Megawati 80 zikigawanywa kwa tatu, kila nchi hupata takriban megawati 26.7. Kwa Burundi, ambako kaya zenye umeme hazikufika moja ya kumi wakati mradi ulipoidhinishwa, hicho kilikuwa kiasi cha kubadilisha nchi. Kwa Tanzania, ambayo imejenga Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, ni asilimia moja na kidogo ya bwawa hilo moja. Kipimo chochote kingine (maji, ardhi, idadi ya watu, mahitaji) kingefungua mjadala usio na mwisho. Theluthi ilichaguliwa, kwa maoni ya mwandishi, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo hakuna aliyehitaji kuithibitisha.

Tarehe 6 Agosti 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 340, yaani karibu milioni 113 kwa kila nchi, kwa ajili ya bwawa na mitambo. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilichukua njia za kusafirisha umeme. Tarehe hiyo ya Agosti inahitaji kuwekwa kando ya kalenda ya siasa. Mwezi Mei 2013, huko Addis Ababa, Rais Jakaya Kikwete alishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR, na uhusiano wa Dodoma na Kigali ukaingia baridi ambayo haikuwahi kuonekana. Mwishoni mwa Julai, akiwa ziarani Kagera, aliwataka wahamiaji wasio na vibali waondoke kabla ya tarehe 11 Agosti. Maelfu walivuka Rusumo kwenda Rwanda, wengine wakiwa wameishi Tanzania kwa miongo. Ndiyo kusema kwamba fedha za mradi wa pamoja ziliidhinishwa siku tano kabla ya mwisho wa muda wa kuwafukuza majirani kwenye daraja lilelile.

Shirika la 1977 lisingelihimili jambo hilo. Kampuni ilihimili, na sababu si upendo. Kila nchi ilikuwa imekopa au kupewa fedha kwa jina lake kwa ajili ya theluthi yake, na kujitoa kungemaanisha kulipia kitu kisichokuwapo. Hali ilikuwa hiyohiyo baada ya mwaka 2015, Burundi ilipoingia katika mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza na uhusiano wake na Rwanda ukaharibika kabisa. Ujenzi ulianza mwaka 2017 katikati ya uhasama huo. Makandarasi wa Kichina walifanya kazi za ujenzi, na kampuni ya Andritz ikaleta mitambo mitatu aina ya Kaplan.

Mabadiliko ya usanifu nayo yanastahili kutajwa. Michoro ya awali ilikuwa na bwawa lenye hifadhi kubwa ya maji, ambalo lingefunika mabonde na mabwawa ya asili upande wa juu na kuhamisha watu wengi wa Burundi na Rwanda. Liliachwa, ukachaguliwa mtambo wa kutegemea mtiririko. Wakosoaji walisema megawati zimepotea. Lakini vinamasi na maziwa madogo ya Kagera ya juu tayari huhifadhi maji ya masika na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi. Kwa hiyo hifadhi ilikuwapo, haikuwa ya zege tu, na wakulima walibaki kandokando yake.

Nyakanazi

Kutoka Rusumo zinatoka njia tatu za msongo wa kilovolti 220. Moja inakwenda Shango karibu na Kigali, moja Gitega kupitia Muyinga, na ya tatu, yenye urefu wa takriban kilomita 98, inakatiza Ngara hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Nyakanazi ni njia panda: barabara ya Kahama inagawanyika hapo, moja ikishuka Kibondo na Kigoma, nyingine ikielekea Lusahunga na kutoka huko Rusumo au Biharamulo mjini. Madereva wa malori ya Kigali na Bujumbura waliijua muda mrefu kabla ya mafundi wa umeme. Kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi kiliunganishwa pia na Geita, na kwa njia hiyo pembe hii ya nchi ikaingia katika gridi ya taifa.

Kabla ya hapo, Ngara na Biharamulo zilikuwa visiwa. Miji yake ilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, na mafuta yake yalisafirishwa kwa barabara ndefu kutoka bandarini. Kaskazini mwa mkoa, Bukoba na jirani zake walinunua umeme wa Uganda kupitia Masaka. Mkoa mmoja ulikuwa na nishati ya aina mbili, na hakuna iliyotoka ndani ya Tanzania: umeme wa mto wa jirani kaskazini, na dizeli ya ng'ambo ya bahari kusini.

Hata hivyo, msongo wa kilovolti 220 haushuki kijijini. Nguzo hupita juu ya shamba, mwenye shamba hulipwa fidia kwa migomba na mibuni iliyokatwa, huzuiwa kujenga au kupanda miti mirefu chini ya nyaya, na usiku huwasha koroboi. Kumpatia umeme kunahitaji kazi nyingine, ya kilovolti 33 na ya Wakala wa Nishati Vijijini, yenye bajeti na ratiba tofauti. Mradi ulitambua pengo hili kwa kiasi fulani: ulitengwa mfuko wa maendeleo ya maeneo yanayozunguka maporomoko, dola milioni 5 kwa kila nchi, na upande wa Tanzania fedha hizo zilielekezwa Ngara kwa huduma kama afya na maji. Biharamulo, ambayo inabeba mwisho wa njia na kituo chake, haikuhesabiwa kuwa jirani wa maporomoko. Kiramani hilo ni sahihi. Lakini mtu aliyekatiwa migomba Ngara na aliyekatiwa Biharamulo wamekatiwa kwa waya uleule, na vigezo vya nani ni mwathirika viliwekwa kwa umbali kutoka majini badala ya umbali kutoka kwenye nyaya.

Vilevile, katika bodi ya kampuni wanaoketi ni mataifa. Halmashauri ya Ngara haina hisa, kama ambavyo Kirehe na Muyinga hazina. Umbo lililouwezesha mradi kuvuka magomvi ya marais ni hilohilo linalozifanya wilaya zisiwe na mahali pa kusemea, maana kampuni ya jambo moja haina wajibu kwa jambo la pili. Shirika la 1977, pamoja na uzembe wake wote, lilikuwa na misitu katika orodha yake. Kampuni haina, na vilima vya Benaco havimo katika mizania yake.

Mitambo mitatu iliwashwa kwa zamu kati ya 2023 na 2024. Tarehe 11 Januari 2024 Burundi ilifunga tena mpaka wake na Rwanda, ikiituhumu kuwasaidia waasi. Mabasi yalisimama, wafanyabiashara wa Muyinga na Kirundo wakarudi na mizigo yao. Umeme wa Rusumo, unaozalishwa kwa maji ya nchi zote mbili ndani ya ardhi ya tatu, uliendelea kwenda Gitega na Shango. Na kutoka Benaco, mahali palipokuwa kambi, Tanzania imeanza kupeleka njia nyingine ya kilovolti 220 hadi Kyaka, kilomita 166, ili Bukoba nayo iache kuutegemea umeme wa Masaka.